Wewe Ufuo wa Mashariki, Mimi wa Magharibi

Tata,

Mvua zimeanza tena, na kwa mpango wetu huu ndio wakati wa kusafiri. Ile karatasi ilisema hivyo. Mtu asiye na fedha nyingi asiende kisiwa cha Tobago wakati wa kiangazi, matajiri wa Ulaya na Amerika wakiwa wamejaa ufuoni, bali aende wakati wa mvua, vyumba vikiwa vitupu na wenye nyumba wakiwa wapole. Ulicheka nilipokusomea.

"Mvua?" ukasema. "Mtu wa Kisii atishwe na mvua? Hao wanatuuzia kwa bei rahisi kitu tulichozaliwa nacho."

Leo imenyesha tangu mchana. Nimekaa kwenye mlango wa saiga yangu, nyumba yangu ya ujana, ili nipate mwanga wa kuandikia. Nyumba yako iko mbele yangu, imefungwa. Kaburi lako liko upande wa kulia kama inavyotakiwa, lakini udongo umeshuka katikati na maji yanasimama pale. Nimeyachimbia mfereji. Unajaa matope, nauchimba tena.

Nakuandikia kwa Kiswahili, na wewe peke yako unajua kwa nini. Kwa Kigusii kuna maneno ambayo baba na mwanawe aliyetahiriwa hawawezi kuambiana. Wewe ndiye uliyenifundisha nilipotoka kwenye jando. Ulisema sasa nina nyumba yangu, wewe hutaingia ndani yake, na mimi sitaingia chumba chako. Hutaniona nikioga, nami sitakuona. Ukasema hiyo ndiyo nsoni, haya ya mzazi na mwanawe, ndiyo ukuta wa boma, na boma lisilo na ukuta huo ni zizi la mbuzi. Mimi niliitikia na kuangalia chini. Sikujua kwamba maneno yote tutakayoyahitaji baadaye yako upande wa pili wa ukuta huo: kuvua, kuoga, mgongo, kifua, ngozi.

Kwa hiyo siku ile uliponiuliza, "Watu wa huko huoga wakiwa wamevaa nini?" uliuliza kwa Kiswahili, macho yako yakiwa kwenye mizani ya kituo cha chai ulikokuwa karani, kana kwamba unamuuliza dereva wa lori habari za barabara. Nami nikajibu kwa Kiswahili. Tangu siku hiyo habari za kisiwa zilikuwa za Kiswahili tu. Tukimaliza, ulikohoa, ukaniambia kwa Kigusii nikafunge ng'ombe. Kiswahili ni lugha ya shule na ya ofisi. Haikumjua babu yetu hata mmoja, na haikuweza kutuaibisha.

Nakumbuka jinsi karatasi ile ilivyofika. Ilikuwa Ijumaa, umetoka Magwagwa na nyama ya kula kabla ya Sabato. Mchinjaji alikuwa ameifunga kwa ukurasa wa gazeti la ng'ambo lenye picha. Mimi nilitaka kuuwashia moto. Ukaninyang'anya, ukaufuta damu kwa kiganja, ukaulaza juu ya meza na kuuwekea mawe kwenye pembe. Kulikuwa na mzungu amelala kifudifudi juu ya mchanga mweupe, mgongo wazi.

"Wewe ndiye msomi," ukasema. "Huyu mtu amelala au amekufa?"

"Amelala, Tata. Anaota jua."

"Peke yake? Hana ndugu wa kumwona?"

Nilikusomea kichwa cha habari. Kilihusu namna mtu wa kawaida anavyoweza kukaa wiki nzima ufuoni Tobago bila kumaliza mfuko wake. Nusu ya chini haikuwepo, ile iliyoeleza namna ya kufika huko. Jumapili tulikwenda kumuuliza mchinjaji. Alikuwa ananoa kisu na hakuinua hata kichwa.

"Karani, nusu hiyo ilikwenda na maini ya mtu wa Itumbe. Mfuate ukamwombe, kama hajaila."

Watu wote pale dukani walicheka, na wewe ukacheka nao. Njiani kurudi ulisema haidhuru. "Kufika ni kazi ya wenye meli na wenye ndege. Sisi tupange kukaa."

Basi tulipanga kukaa. Kila jioni lori lilipokwisha kuondoka na majani, wachumaji wakiwa wameenda na vikapu vyao, tulibaki kwenye kibanda cha kituo cha chai. Wewe ulikalia magunia, mimi nilikalia ngazi na kamusi yangu. Miaka hiyo uliyofanya kazi pale, tangu kituo kilipofunguliwa muda mfupi baada ya Uhuru, sidhani kama uliwahi kuzungumza na mtu mwingine namna ile. Karatasi ilisema mgeni aziepuke hoteli kubwa na aulize nyumba za watu, maana wajane wengi hupangisha chumba cha nyuma. Ukasema tuulize kanisani, kwa kuwa palipo na Waadventista hapakosi mjane mwenye chumba. Ilisema mgeni apande basi la mashambani pamoja na wenyeji, asikodi gari. Ukasema hilo tumefuzu. Ilisema vyakula vya sokoni ni rahisi kuliko vya hotelini, ikataja tunda ambalo kamusi yangu iliita shelisheli. Wewe hukulijua, mimi sikulijua.

"Kitu nisichokijua kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili sikitii kinywani," ukasema. "Ndizi hawana?"

Nikakuambia wanazo, wanauza hata Uingereza.

"Basi tuko nyumbani. Beba unga wa wimbi tu."

Ulitaka kujua kama inafaa kuoga baharini siku ya Sabato. Tuliligeuza swali hilo kwa siku kadhaa. Mwisho ukaamua kwamba Jumamosi tutaoga kwa karai, kama Wakristo, na bahari itatungoja hadi jua litue.

Baba mdogo Ombui alitukuta siku moja tukiwa katikati ya mambo hayo. Unajua alivyo mdogo wako, hawezi kupita mahali bila kutupa jiwe. Alisimama na jembe begani, akasema, "Kaka, bahari ipo Mombasa. Treni ipo. Hiyo Tobago ni ya nini? Au Mombasa maji yamekwisha?"

Ulimjibu polepole. "Ombui, Mombasa wamejaa Wakisii. Nikivua shati pale asubuhi, jioni habari iko Magwagwa kabla sijalivaa."

Alicheka hadi akaegemea nguzo. Mimi pia nilicheka. Wewe hukucheka, na hapo nilianza kuelewa.

Maana sikuwahi kukuona bila koti, Tata. Jua likiwaka hadi majani yakanyauka kwenye vikapu, ulikuwa ndani ya koti lako jeusi, vifungo vyote. Wachumaji walikutania kwenye mstari. "Karani, vua koti, leo tunapikwa!" Nawe siku zote ulijibu, "Koti hili ni la kazi. Nikilivua mizani inalala." Walicheka, ukapima majani, mstari ukasonga. Lakini mimi nilikuwa nikiona yale magamba meupe yanayoanguka kwenye kola, jinsi ulivyoyapangusa upesi mtu akikaribia. Niliona viganja vyako karibu na mikono ya koti, wekundu ule uliopasuka. Niliwasikia pia watu. Kuna waliosema ni ukoma. Kuna waliosema Mama alikufa kwa sababu hiyo hiyo, ingawa Mama alikufa kwa homa nikiwa darasa la pili. Kikombe chako pale kituoni kilikuwa na msumari wake peke yake ukutani, na hakuna aliyesema kwa nini. Kila Sabato ya Meza ya Bwana, wanaume wanapokaa wawiliwawili kuoshana miguu, wewe ulikuwa na safari ya Marani kumwona dada yangu Kerubo kwa mumewe. Kerubo aliniambia baada ya mazishi kwamba mara nyingine hukufika hata kwake. Sijui siku hizo ulikuwa ukikaa wapi.

Mstari mmoja mdogo pembeni mwa picha ndio uliotushika sote wawili. Ulisema watu wengi wenye maradhi ya ngozi wamepata nafuu kwa maji ya chumvi na jua la kisiwa hicho. Nilikusomea. Kisha ukasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Hukuniangalia. Tangu hapo nilijua safari yetu haikuwa mchezo. Ulitaka mahali pamoja tu duniani ambapo unaweza kulaza mgongo wako juani, na mtu anayepita hakujui wewe, hamjui baba yako, hana shangazi Magwagwa.

Tatizo lilikuwa mimi. Uliniambia huwezi kwenda bila mimi kwa sababu ya Kiingereza. Na huwezi kuoga mbele yangu. Tulilizunguka jambo hilo bila kulitaja, hadi nilipoazima atlasi ya mwalimu wa jiografia. Kisiwa kilikuwa kidogo kama punje ya wimbi iliyolala. Mwalimu aliniuliza ninatafuta nini, nikaona haya, lakini nilimuuliza bahari za huko zikoje. Akasema upande wa magharibi ni Karibi, maji yametulia, na upande wa mashariki ni Atlantiki, yana mawimbi makali. Katikati kuna mgongo wa milima yenye msitu.

Nilikuletea habari hiyo mbio. Uliitafuna kwa muda mrefu. Kisha uso wako ukafunguka, sijawahi kuuona hivyo tena.

"Basi," ukasema. "Wewe ufuo wa magharibi, mimi wa mashariki. Mlima uko katikati. Jioni tunakutana kwa yule mjane, kila mtu amevaa."

Nikakuambia mashariki maji ni makali.

"Mtoto apewe maji yaliyotulia," ukasema, ukasimama kufunga kibanda.

Nimeliwaza neno hilo sana, Tata. Ni nani mwingine duniani angepanga likizo ya bahari namna hiyo, baba na mwana wavuke nusu ya dunia ili waoge wakiwa wametengwa na mlima? Wazungu wa ile picha wangecheka. Lakini kwangu mpango ulikuwa kamili. Tulikuwa tumepata kila kitu isipokuwa njia.

Kisha mwaka huu homa ikakushika. Ulikwenda zahanati kwa miguu, nami nikakusindikiza hadi mlangoni. Muuguzi alikuwa binti wa jirani yetu, yule aliyesoma na Kerubo. Alikuambia uvue koti akuangalie. Nilikusikia kwa dirishani.

"Ni hapa tu kwenye kiganja, binti yangu."

"Baba, na kwingine?"

"Kwingine niko mzima kabisa."

Alikupa dawa ya kupaka kiganja. Ulitoka ukiwa umeshika kikopo kile kidogo, ukasema tumeshamaliza. Tulitembea kurudi, na jasho lilikuwa likitiririka chini ya kofia yako ingawa kulikuwa na ubaridi. Kiganja kilipona, Tata. Nataka ujue hilo. Siku ulipokufa kiganja chako kilikuwa safi.

Ulilala. Baba mdogo Ombui alileta uji kila asubuhi, akauweka kizingitini, akakohoa ili ujue, akaondoka. Kerubo alikuwa amejifungua tu, asingeweza kutoka Marani, na hata angekuja, yeye ni binti, ukuta wake na wewe ni mrefu kuliko wangu. Mimi nilibaki nje ya mlango wa chumba chako nikipokea kikombe na kurudisha kikombe. Harufu ilianza. Nilimwambia Baba mdogo kwamba unahitaji mtu wa kukuosha, mtu wa rika lako. Akasema atamtuma mtu. Kesho yake nikamwambia tena. Akasema, "Nimekwisha sema nitamtuma," na akaangalia viatu vyake. Hakuwa mtu mbaya siku ile. Aliogopa tu, na aliona haya kwamba anaogopa.

Hakuja mtu.

Mchana ule mvua ilikuwa ikipiga mabati kwa nguvu hivi kwamba sikusikia mara ya kwanza uliponiita. Nilikaribia mlango wa chumba, nikasimama pale ninaposimama siku zote. Ulikuwa umegeukia ukutani. Na ukasema, kwa Kiswahili, kwa ile sauti yako ya kituoni:

"Kijana, wewe ni wa wapi?"

Nilidhani homa imepanda kichwani. Nikasema, "Tata, ni mimi." Ukatikisa kichwa.

"Nauliza. Wewe ni wa wapi?"

Nikaelewa.

"Mimi ni wa mbali, mzee," nikasema.

"Na mimi ni wa mbali. Hapa hatujuani."

"Hatujuani, mzee."

"Basi ingia, mgeni mwenzangu. Unisaidie nioge."

Niliingia. Nilipasha maji motoni, nikayaleta kwa karai, na kabla ya kuanza nilirudi jikoni nikachukua chumvi, nikaikoroga hadi maji yakawa na ladha niliyodhani ni ya bahari, maana sijui bahari ina ladha gani. Koti lilikuwa limegandana na mgongo. Nilililowesha kwa kitambaa, kidogo kidogo, muda mrefu, hadi likaachia. Ulikuwa umeuma kona ya blanketi. Sitaandika yote niliyoyaona. Mgongo wako ulikuwa kama ukuta uliokandikwa udongo ukapasuka kabla ya kukauka, na ndani ya nyufa ugonjwa ulikuwa umeingia ukafanya kazi yake bila mtu kuuona. Laiti yule binti angeuona. Laiti mtu yeyote angeuona.

"Chumvi inauma," ukasema.

"Pole, mzee."

"Acha iume. Huu ni ufuo gani?"

"Ni wa magharibi. Maji yametulia."

"Na jua?"

Nilifungua dirisha. Mvua ilikuwa imefunika migomba yote hadi mtoni, hata zizi halikuonekana.

"Huu ni msimu wa bei nafuu, mzee," nikasema.

Ulicheka, Tata. Ulicheka ukiwa umelala kifudifudi, mabega yako yakatikisika chini ya mkono wangu, na mimi pia nikacheka, na katika kucheka huko nikaanza kulia, na sikuweza kujificha kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na maji. Nilikukausha. Nilikuvisha shati safi. Ukaomba koti, nikalipangusa nikakuvisha, kifungo kwa kifungo.

Kisha ukarudi nyumbani kutoka kisiwani. Ukaniita kwa jina langu, kwa Kigusii, ukiwa baba yangu tena. "Momanyi. Wasinione."

Hukusema neno lingine la maana baada ya hilo.

Ulikufa alfajiri ya siku ya pili yake. Nilikuosha tena kabla sijamwambia mtu yeyote, nikakuvisha, nikafunga koti hadi shingoni. Ule ukurasa niliukunja nikautia kwenye mfuko wa ndani, upande wa moyo. Halafu nikaenda kumwita Baba mdogo.

Wazee wa rika lako walikuja na karai na maji, kama desturi. Watu walikuwa wamejaa uani, wanawake wanalia, watu wa kanisa wanaimba karibu na mti wa parachichi. Mimi nilisimama mlangoni. Unanijua, Tata. Darasani nikiulizwa swali ninalolijua jibu lake, sauti inakatika. Lakini walikuwa wanakaribia na mikono ya mashati yao ilikuwa imekunjwa tayari.

"Ameshaoshwa," nikasema.

Mzee wa mbele akauliza, "Na nani?"

Ningeweza kusema kwa Kiswahili. Wote wangeelewa. Lakini nilijua kwamba kwa Kiswahili jambo lingebaki la kisiwani, na hawangerudi nyuma. Nikasema kwa Kigusii, "Nilimwosha mimi."

Uimbaji haukukoma, ulififia tu. Bibi mmoja alijifunika kinywa kwa kanga. Mzee aliweka karai chini. Baba mdogo Ombui alinijia karibu hadi nikaona mishipa ya macho yake.

"Unajua ulichokisema mbele ya watu hawa?"

"Najua, Baba mdogo."

"Kwamba uliingia, ukamwona baba yako?"

"Niliingia. Nilimwona."

Hakuna aliyeingia baada ya hapo. Aliyeoshwa haoshwi tena, na mahali nsoni ilipovunjika hakuna anayetaka kukanyaga. Nadhani pia kulikuwa na walioshukuru kimoyomoyo kwamba mikono yao haitakugusa. Iwe ni aibu yangu au ni woga wao, mlango ulibaki umefungwa. Ulizikwa na koti lako, vifungo vyote. Hawakukuona, Tata. Walichokiona siku ile ni mimi.

Sasa nikueleze yaliyofuata, maana ulipenda kuelezwa mambo kwa utaratibu. Wazee wanataka mbuzi achinjwe ili nitakaswe, na hadi hapo nisile kwenye nyumba ya mtu wa rika lako. Mchungaji amesema mbuzi hana kazi katika jambo hili na nikikubali nitafutwa kanisani. Kwa hiyo wanangojana, na mimi ninakula peke yangu. Watoto wa Baba mdogo wamehamisha mikeka yao kutoka saiga yangu. Shuleni kuna mvulana wa kidato cha tatu ambaye nikipita husema, "Funika sufuria, aliyemwona babake anapita." Wenzake hucheka. Mimi hufungua kitabu. Kituo cha chai kimepata karani mwingine, kijana wa mashati ya mikono mifupi, mcheshi. Kikombe chako walikitupa pamoja na msumari wake. Tundu lake bado liko ukutani.

Kerubo alikuja na mtoto. Amempa jina lako. Alimweka mikononi mwangu mbele ya watu wote, kwa kusudi, akasema, "Mwoshe, mjomba, nimechoka." Nikamwosha kwenye karai lile lile. Aliyapiga maji mateke na kunirushia usoni. Nilimgeuza nikamwangalia mgongo, kila mahali, hadi Kerubo akaniuliza ninatafuta nini. Ngozi yake ni safi, Tata. Haina hata doa.

Yangu si safi.

Nililiona wiki chache zilizopita, kwenye kiwiko cha kushoto, doa jekundu lenye magamba meupe juu yake. Halafu la pili chini ya goti. Sikumwambia mtu. Nilianza kuvaa sweta la shule kila siku, na juzi, mchana wa jua kali kabla ya mvua hizi, tulikuwa tunafyeka uwanja na rafiki yangu wa darasani akanipigia kelele, "Wewe, vua sweta, leo tunapikwa!"

Nami nikamjibu, "Sweta hili ni la shule. Nikilivua nafukuzwa."

Akacheka, akaendelea kufyeka. Mimi nilibaki nimeshika panga. Ilikuwa sauti yako, Tata. Utani ule ule na namna ile ile ya kuusema upesi ili mtu apite. Nimeogopa mambo mengi tangu ulipoondoka, lakini hakuna lililoniogopesha kama kusikia jinsi jibu lile lilivyotoka kinywani mwangu bila kuniomba ruhusa, likiwa limekwisha iva.

Ninakupenda, na sitakulaumu. Uliishi mahali penye macho mengi. Lakini yule binti wa zahanati alikuuliza "na kwingine?" na alikuwa na dawa nyuma yake kwenye rafu. Ningependa kusema maneno haya kwa Kigusii, ili yawe mazito kama yanavyostahili, lakini bado siwezi. Niruhusu niyaseme hapa kisiwani kwa mara ya mwisho. Tulipanga namna ya kwenda mbali kwa gharama ndogo ili uvue shati mbele ya watu wasiokujua. Gharama haikuwa ndogo.

Jumatatu nitaomba ruhusa shuleni na nitakwenda zahanati. Yule binti bado yupo. Ananijua, anamjua Kerubo, alikuwepo mazishini, alinisikia nikisema yale niliyoyasema. Kabla hajaniuliza nitavua sweta, nitavua shati, nitamgeuzia mgongo. Akiuliza nina maradhi tangu lini na ni nani mwingine katika ukoo aliyekuwa nayo, nitamjibu kwa Kigusii. Nitalitaja jina lako bila kunong'ona. Hiyo ndiyo ahadi yangu.

Mvua imepungua. Nitatoka nikauzibue mfereji kabla giza halijaingia, maji yasikusimamie.

Lala, Tata. Ukurasa uko mfukoni mwako, upande wa moyo. Mjane ana chumba, mvua ndiyo hii, na huko hakuna anayekujua. Lakini tubadilishane. Wewe chukua ufuo wa magharibi, maji yametulia. Huu wa mashariki niachie mimi.

Mwanao,
Momanyi